Sauti ya Mama Mdogo

Widad alirudi darasani akiwa na miaka thelathini na mbili. Wenzake wengi pale chuoni Tunis walikuwa vijana waliotoka moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza, wanaongea Kifaransa cha haraka na kucheka kwa sauti kwenye ngazi. Yeye alikuwa karani wa kiwanda cha mafuta ya zeituni huko kwao, upande wa Kairuani, mpaka kiwanda kikafungwa. Alipopata nafasi ya kusoma uandishi wa habari ngazi ya uzamili, mama yake aliuliza swali moja tu: "Ukimaliza watakuajiri, au utatuandika sisi?"

Mwaka wa pili kila mwanafunzi alitakiwa kuandaa kazi yake ya mwisho na kuitetea mbele ya watahini. Widad alichagua makala ya redio, na habari aliyoichagua alikuwa ameishi nayo tangu utotoni: wanawake wanaopelekwa mashambani wakiwa wamesimama nyuma ya pikapu, wamebanana kama miganda ya ngano. Majira ya baridi yaliyopita pikapu ya kijijini kwao ilipinduka kwenye kona ya mfereji. Munjia, mdogo wa mama yake, alivunjika nyonga. Zina, jirani aliyekuwa amesimama ubavuni pake, alikufa palepale. Dereva, Fathi, alihojiwa, akaachiwa, akapata pikapu nyingine, na wanawake wakapanda, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuwafikisha kwenye mashamba ya pilipili. Munjia naye, nyonga ilipounga, akapanda.

Widad alimkuta akikanda unga wa mkate.

"Nitakwambia yote," Munjia alisema. "Lakini jina langu usilitaje. Na sauti yangu uifanye vile mnavyofanya, iwe ya mtu mwingine."

"Nitaibadilisha, mama mdogo."

"Uifanye nene, kama ya mwanamume. Siku nyingi nimetamani niongee nisikilizwe."

Wakacheka wote wawili. Kisha Munjia akafuta mikono, akaongea bila kumtazama.

"Fathi anamwaga maji kule nyuma kabla hatujapanda. Unajua kwa nini? Tusikae. Tukikaa tunajaza nafasi, tukisimama tunaingia wengi. Siku ile Zina alinilalamikia kwamba miguu imelowa. Nikamwambia, utaikausha mbinguni. Nilikuwa namtania. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwangu."

Widad alirudi Tunis na rekodi ya sauti hiyo kwenye mkoba. Studio ya chuo ilikuwa na programu ya kubadilisha sauti, akaitumia mwanzo hadi mwisho kama alivyoahidi. Msimamizi wake, Profesa Shadhli, mzee aliyekula miaka mingi magazetini, alisikiliza huku amefumba macho.

"Huyu nani anayeongea ndani ya pipa?"

"Mama mmoja wa kijijini, Profesa. Nilimwahidi."

"Ahadi ni ahadi, sikwambii uivunje. Nakwambia tu kwamba pale kwenye maji sikusikia mtu. Nimesikia mashine."

Widad alibaki studio peke yake, akarudia kipande kile. Kweli, kilikuwa kichekesho, kama katuni. Akaondoa badiliko, akasikiliza sauti yenyewe, na pale Munjia aliposema "nilikuwa namtania" akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akaiacha hivyo. Kipande tu, alijiambia, hakifiki hata dakika, na watakaosikia ni watahini ndani ya chumba kimoja, watu ambao hawajawahi kufika kijijini kwao. Angempigia Munjia simu amweleze. Angempigia baada ya kutetea, mambo yakitulia.

Siku ya kutetea kilipofika kipande kile, mmoja wa watahini, mama mhariri wa redio, alivua miwani akaiweka mezani. Widad alipewa alama za juu kabisa. Baadaye mhariri alimfuata kwenye korido.

"Nipe hii tuirushe. Majina umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

Lilikuwa jibu la kweli. Hapo ndipo angeweza kusema ngoja, nipe siku mbili nizungumze na mtu. Lakini wenzake walikuwa wamesimama pembeni wakisikia, wale wa Kifaransa cha haraka, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanamtazama. Akasema sawa.

Makala ilirushwa Alhamisi mchana. Kabla haijaisha, mama yake alipiga simu.

"Umemweka mdogo wangu redioni."

"Jina sikulitaja, mama."

"Jina la nini? Ile sauti nani haijui hapa? Na ule utani wa mbinguni, wanawake wote waliokuwa kwenye pikapu waliusikia siku ileile. Ulidhani tumesahau?"

Alfajiri iliyofuata pikapu ya Fathi ilipunguza mwendo mbele ya nyumba ya Munjia, halafu ikakaza mwendo ikaenda. Wanawake waliosimama nyuma walitazama upande wa pili.

Widad alifika jioni hiyo. Munjia alimwandalia kuskusi kama siku zote, akakaa, lakini hakula.

"Ulisema utaifanya nene."

"Nilikosea, mama mdogo."

"Hukukosea. Kukosea ni kutia chumvi mara mbili. Wewe ulikaa ukaisikiliza, ukaipenda, ukaiacha."

Widad alisukuma sahani kando.

"Fathi simlilii," Munjia akaendelea. "Ila lile neno nililomwambia Zina, mama yake alikuwa halijui. Sisi tuliokuwa mle ndani tulimficha. Jana alikuja, akakaa hapo ulipokaa wewe. Hakuniuliza kitu. Alikunywa chai akaondoka."

Asubuhi Widad alikwenda kwa Fathi. Alimkuta akiosha pikapu nje ya nyumba yake.

"Kaka Fathi, mama mdogo hana kosa. Mchukue."

"Nimchukue anirekodi tena?"

"Niliyerekodi ni mimi."

"Basi panda wewe. Njoo kesho, nitakupakia bure." Akaendelea kumwaga maji kwenye matairi. "Mwenye shamba amenipigia simu. Hataki kumwona yule mwanamke getini kwake. Nikibisha atatafuta dereva mwingine, na hao wengine wote wabaki barabarani. Mbona hilo hukulitangaza?"

"Na maji unayomwaga kule nyuma?"

Fathi alifunga bomba. "Maji ni ya kuoshea gari," alisema, akaingia ndani.

Widad aliwaomba watu wa redio waiondoe makala kwenye mtandao wao. Mhariri alimwambia kwa upole kwamba tangu mwaka uanze hawajarusha kitu kizito kama kile, kwamba watu wanapiga simu wakilia. Mwishowe walikata kipande kile cha maji, wakaacha kilichobaki. Profesa Shadhli alipopata habari alimwita ofisini.

"Ukikiondoa kile, umebaki na nini?"

"Nimebaki na nilichoahidi, Profesa. Nimekirudia, ila nimechelewa."

Mzee alitafuta sigara mifukoni, akaipata, hakuiwasha. "Nilipaswa kukuuliza kama umempigia simu. Sikuuliza." Widad hakujua kama hayo yalikuwa maombi ya radhi.

Msimu wa zeituni ulipoingia, Widad alikuwa na shahada na hakuwa na kazi. Ile redio ilimwalika kwa majaribio, akasema atafikiria, na alikuwa bado anafikiria. Alirudi nyumbani. Dereva wa kijiji cha pili alikubali kumchukua Munjia kwenye mashamba ya mbali zaidi, nyuma ya pikapu kama ile ya Fathi, na wanawake wake wamesimama vilevile.

Asubuhi ya kwanza Widad alimsindikiza mpaka barabarani. Nyonga ya Munjia ilikuwa haikunjiki vizuri, mguu haukufika juu. Widad aliinama, akamshika chini ya goti, akamsukuma kwa bega mpaka akaingia.

"Huyo nani wako?" mwanamke mmoja alimuuliza Munjia, akimsogezea nafasi.

"Binti wa dada yangu. Alikuwa anasoma Tunis."

"Alisomea nini?"

Munjia alishika chuma cha ubavuni, akajiweka sawa.

"Ualimu," alisema.

Pikapu ikaondoka.