Mashine Mbili, Diski Moja

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa fundi wa kompyuta katika yadi ya makontena Kurasini. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko mshahara. Kazi yenyewe ilikuwa kutunza mashine mbili zilizotumia diski moja, na katika diski hiyo ndimo zilimokaa habari za kila kontena: ni la nani na limepangwa wapi.

Mashine moja ilifanya kazi, ya pili ilisubiri. Muda wote zilijuliana hali kupitia waya mwembamba. Ile ya kwanza ikinyamaza, ya pili iliikatia umeme kwanza kupitia kisanduku cha swichi, ndipo ikashika diski. Lazima ikate, maana aliyenyamaza huenda yu hai, ila hasikiki tu. Zote mbili zikiandika kwa pamoja, kila moja inafuta kazi ya mwenzake bila habari.

Bosi hakukipenda kisanduku hicho. Siku moja mashine ilizubaa kidogo, mwenzake ikaizima, makarani wakapoteza kazi ya asubuhi nzima. Nilimweleza sababu kwa upole, kisha nikamchorea kwenye karatasi. Akaitazama karatasi kama anatazama mchoro wa mtoto.

"Nimenunua mashine mbili," akasema. "Sijanunua mashine na muuaji wake."

Akamwita fundi umeme, waya wa kisanduku ukachomolewa mbele yangu. Nilikasirika, nikaikunja karatasi yangu nikaitia mfukoni. Lakini mashine zilikuwa zake, na mimi nilikuwa nalipwa kunyamaza pia.

Ramadhani ilikuwa inakaribia walipokuja watu kupanga upya makabati ya ofisi. Kabati moja likaukalia ule waya mwembamba wa kujuliana hali, ukakatika. Mashine ya kwanza ikauliza hali, kimya. Ya pili ikauliza, kimya. Kila moja ikaamini mwenzake imekufa, na kwa kuwa hakuna tena iliyoweza kuizima nyingine, zote zikashika diski. Nilipogundua nikazima zote kwa mkono, nikiwa nimechelewa. Habari zilikuwa zimechanganyika ovyo, na tepu ya akiba, yenye nakala ya habari hizo, ilikuwa ya kabla meli ya mwisho haijapakuliwa.

Katika meli ile kulikuwa na kontena la tende la mama mmoja mfanyabiashara wa Temeke. Mtaji wake wote ulikuwa humo. Tende huuzwa Ramadhani. Idi ikishapita hakuna anayezigeuzia macho.

Yadi ilikuwa imefurika, makontena yamepandana, mengine namba zake zimezibwa na yaliyo jirani. Kreni ilikuwa moja na kila mwenye mzigo alikuwa anaigombea. Mama yule alikuja kila asubuhi, akaketi kwenye benchi nje ya mlango wangu. Nilimpa shikamoo, akaitika vizuri, na mwezi ulipoandama akaendelea kuja akiwa amefunga.

"Mwanangu, mie kompyuta siijui," aliniambia siku moja. "Wewe ndiyo kazi yako. Basi niambie tu tende zangu ziko wapi."

"Sijui, mama."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Nilirudi ndani nikakaa mbele ya zile mashine, nikabonyeza vitufe ambavyo nilijua fika havitaleta kitu, ili tu anione nikihangaika. Kumi la kwanza la mfungo likaisha, na la pili, na la mwisho.

Kontena lilipatikana baada ya Idi, chini kabisa ya safu iliyopakana na ukuta wa ofisi yetu. Alilifungua mwenyewe. Akatoa boksi moja, akaja kuliweka mezani kwangu.

"Kula, mwanangu. Sasa ni za bure."

Nilishindwa kula. Bosi alipita, akachukua moja, akasema ni tamu sana, akachukua nyingine. Nyuma yake ule waya wa kisanduku ulikuwa bado unaning'inia, na hakuugusa.