Tulivyochuma Kahawa ya Fundi Paa

Chuo chetu cha uuguzi pale Mbinga kilikarabatiwa sisi tukiwa humo humo. Hakukuwa na jengo jingine la kuhamia. Mafundi walianzia upande mmoja, nasi tukasongamana upande wa pili, mabenchi yakiwa yamepangwa kwenye korido. Sanamu ya mifupa tuliifunika shuka isiingie vumbi la saruji, na kila mgeni aliyekunja kona alishtuka kuikuta imesimama pale kama mlinzi.

Shida yetu ilikuwa nyundo. Huwezi kusikiliza moyo wa mtu huku mabati yanagongwa juu ya kichwa chako. Mkuu wa chuo, ambaye alikuwa mtawa, akaleta kengele: ikilia, nyundo zinanyamaza, tunahesabu mapigo. Mafundi waliipenda kengele ile kuliko sisi.

"Sista, leo hakuna wa kupimwa moyo?" fundi paa aliuliza kutoka juu, sigara tayari mdomoni.

Kisha kahawa ikaiva. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia na malori yao kushindana na ushirika, na kila mwenye shamba alitaka kuwahi. Fundi paa alikuwa ameshang'oa mabati ya chumba cha mazoezi. Asubuhi moja akashuka, akakunja kamba zake.

"Shikamoo, Sista. Naomba ruhusa nikachume."

"Marahaba. Na paa?"

"Paa halipukutiki, Sista. Kahawa inapukutika."

Watahini walikuwa wameshatuambia: chumba kisipoezekwa, mtihani wa vitendo haufanyiki, mngoje mwaka ujao. Na kule Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, mama yangu alishaanza kuitwa Mama Nesi sokoni. Sikutaka jina lile limtoke.

Sista aliwaza kidogo. "Shamba lako ni kubwa?"

"Kubwa, Sista. Na wachumaji hawapatikani, kila mtu yuko kwake."

"Wangu wapo."

Jumamosi tukapanda mlimani kama watu walioitwa ngokela, ile kazi ya kualikana ya Wamatengo, ambayo mwenye shamba hulipa kwa chakula na pombe. Kwa heshima ya Sista, pombe iligeuka togwa.

Mke wa fundi ndiye aliyekuwa msimamizi. Alitumbukiza mkono kwenye kikapu changu.

"Nani kachuma mbichi hizi?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Lituhi."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Nilijua! Mnyasa huyu anazoa kahawa kama anazoa dagaa wa usipa! Nyekundu tu, mwanangu. Hivi mama wa miezi mitano akija kwako, utamwambia asukume?"

Shamba zima lilicheka. Tangu hapo sikugusa punje ya kijani.

Jumamosi iliyofuata tulirudi, tukamaliza. Jumatatu fundi alikuwa juu ya paa, pamoja na kaka zake wawili aliowaburuta kutoka mashambani kwao.

Siku ya mtihani chumba kilinuka rangi mbichi, na nje fundi na kaka zake walikuwa bado wanapigilia mabati ya baraza. Mtahini, daktari mmoja mama, alianza kwa kukagua mikono. Yangu ilikuwa na weusi kwenye vidole.

"Nenda kanawe."

Nikanawa, nikarudi. Akaigeuza.

"Kanawe tena."

"Hautatoka leo, Daktari," Sista akasema. "Ni utomvu wa kahawa. Ndiyo iliyotupatia paa hilo."

Daktari akatazama mabati mapya, akatazama vidole vyangu, akacheka. Akanionyesha mgonjwa kitandani: nimsikilize moyo.

Niliweka kipimo masikioni, nikasikia nyundo tu. Kengele ilikuwa imesahaulika ofisini, na Sista hakuruhusiwa kutoka. Nikainua macho dirishani. Fundi alikuwa ananitazama. Aliwanyooshea kaka zake kiganja, wakatulia, naye akatoa sigara yake.

Nikaanza kuhesabu.