Fimbo Iliyopinda Shingo

Anselmo hakumwamini mtu. Ukimpa maji, kwanza anachungulia ndani ya kikombe. Tulipanga nyumba moja Temeke, yeye chumba cha mbele, mimi na binti yangu Hija chumba cha uani. Nilimpenda kama kaka yangu, ila alinichosha.

Sababu alikuwa nazo. Tangu alipotoka Songea akiwa kijana, kazi yake ilikuwa kuwabebea Wazungu mifuko ya gofu. Mmoja alimwahidi kwamba akirudi kwao atamwachia fimbo zake zote. Uhuru ukaja, Mzungu akaondoka, Anselmo akaachiwa mfuko mtupu, tena umetoboka. Tangu hapo hata salamu aliipokea nusunusu.

Miaka kadhaa baada ya Azimio la Arusha, klabu ya gofu alikokuwa bado anabeba mifuko ikatangaza kwamba wabeba mifuko nao watashindana siku ya Sabasaba, na mshindi ataajiriwa kuwa mwalimu wa mchezo. Anselmo akakosa raha. Mipira mirefu aliipiga kuliko wenzake wote. Tatizo lilikuwa fimbo fupi, ile ya kusukumia mpira shimoni. Aliyokuwa nayo ilishavunjika, ameifunga waya.

Ndipo akaja Jamali, muuza vitu vikuukuu wa Kariakoo. Watu waliotaifishiwa nyumba walikuwa wanahama nchi, na Jamali ndiye aliyenunua walivyoviacha. Alileta fimbo fupi tatu.

"Zijaribu zote, kaka. Utakayoipenda ndiyo yako, nyingine ntazifuata kesho."

"Kwa nini uniachie?" Anselmo akamuuliza. "Unataka nini kwangu?"

Kesho yake asubuhi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kufagia uani, mchanga umelala vizuri, nikamkuta anafukia kopo la maziwa katikati yake. Nilikasirika, tena sana. Lakini nikakaa kumtazama, maana kwenye mchanga uliofagiwa kila mpira uliacha njia yake. Fimbo nyepesi iliupeleka mpira ukiyumba. Nzito iliupitisha kopo hadi kwenye mafiga yangu. Ya tatu, ambayo shingo yake ilipinda kidogo karibu na kichwa, ilichora mstari ulionyooka mpaka ndani ya kopo. Akarudia, ukaingia. Akarudia tena, ukaingia.

Mtu mwingine angeshangilia. Yeye akaigeuzageuza ile fimbo kama samaki asiyejulikana amevuliwa lini.

"Hii imepinda, Mama Hija. Ina kasoro."

"Si inaingiza?"

"Ndiyo hapo sasa! Leo inaingiza, siku yenyewe itanigeuka. Jamali namjua mie."

Jamali aliporudi alimtazama akipiga, akamweleza kwa upole kwamba mkono wake unavutia kushoto, kwa vile bega limezoea mkanda wa mfuko, na shingo ile ndiyo inayomrekebisha. Imetengenezwa hivyo kiwandani. Anselmo akaitikia, akalipa. Jamali alipokata kona tu, akaipeleka kwa fundi chuma wa Keko ikanyooshwe. Iliporudi hakuijaribu tena uani. Alisema majirani wanamchungulia, na balozi wetu wa nyumba kumi ana maswali mengi mno.

Uwanja wa klabu siku zile haukuwa na majani kuzunguka mashimo. Ulikuwa mchanga uliochanganywa na oili chafu, na kila mchezaji aliburuza gunia kusawazisha njia ya mpira wake kabla ya kupiga. Siku ya Sabasaba mimi na Hija tulisimama nyuma ya kamba. Fimbo ilishamnyima mipira kadhaa, lakini mapigo yake marefu yalimbeba mpaka shimo la mwisho. Mwenzake Gaudens alikuwa ameshamaliza. Anselmo akiingiza kwa pigo moja, kazi ni yake.

Mpira haukuwa mbali, ni kama kutoka kitandani hadi mlangoni. Akaburuza gunia taratibu, akapiga. Mpira ukapita kushoto. Akasawazisha, akapiga tena. Kushoto.

Watu wakamkimbilia Gaudens kumpongeza. Anselmo alibaki ameinama, akiitazama ile michirizi. Nilimhurumia mpaka machozi yakanilenga. Nikavuka kamba nimshike mkono, akaniinulia macho makali.

"Mama Hija, umemwona nani aliyeuchezea mchanga huu?"

Gunia lilikuwa bado mkononi mwake.