Namba Moja ya Wanawake wa Ihanda

Siku hizi nikisikia mtu anasema "mfumo" damu inanichemka. Aliyeanza ni kaka yangu, ambaye tunaendesha naye duka la mbegu hapa Tunduma. Alisema tumekua, tunauza mpaka kwa watu wa Zambia, na ni aibu kwamba bado naandika wateja kwenye kaunta buku. Haya. Tukaletewa programu mbili za kutunza taarifa za wateja, tuchague moja.

Ya kwanza ilikuwa na sura mbaya, lakini ilikubali watu wengi watumie namba moja ya simu. Ya pili ilijaa michoro ya rangi rangi, na muuzaji wake, jamaa aliyefunga tai shingoni, alijua kuongea. Nilimuuliza swali moja tu: wateja wangu wakiwa na simu moja je? Akacheka. "Dada, zama hizi kila mtu ana simu yake."

Nani kamwambia? Nina wanawake kumi na mmoja wa kijiji cha Ihanda wanaolima mahindi kwa kikundi. Mwenyekiti wao, mama mmoja mtu mzima, ndiye anayekuja kuwaandikishia mbegu wote, na ndiye tunayempigia. Wenzake wengine hawana simu, wengine wanazo ila leo haina chaji, kesho mume kaondoka nayo. Ya mama yule inapatikana saa zote, na ujumbe ukiingia anautembeza nyumba kwa nyumba kwa miguu yake.

Kaka akachagua ile ya rangi. Tulibishana mpaka wateja wakaacha kuchagua mbegu wakawa wanatutazama sisi. "Kompyuta haikosei, wanaokosea ni watu," alisema, nami nikasonya.

Basi nikaanza kuingiza majina. Nilipofika kwa wale wa Ihanda ikatokea alama nyekundu: wateja hawa wana namba moja, je, niwaunganishe? Nikabonyeza Hapana. Ikarudi. Hapana. Kesho yake nimewasha tu, hiyo hapo! Siku ya tatu, watu wamejaa mbele yangu, nikabonyeza Ndiyo ili initolee uchafu wake machoni. Mimi. Siyo kaka, siyo jamaa wa tai. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Mvua zilipokaribia, wanawake wote kumi na mmoja wakaja na gari la kukodi kuchukua mbegu zao. Kaka akafungua kompyuta. Jina lilikuwa moja, la mwenyekiti, na mfuko mmoja; wengine kumi walishamezwa humo. Mifuko mingine tulishawauzia watu, maana programu ilionyesha haina mwenyewe. "Hapa mama umejiandikisha wewe tu," kaka alisema, kisha eti akawageuzia kioo wasome wenyewe.

Niliwaona wale kumi wakimgeukia. "Kumbe!" mmoja alisema. "Unatuchekea usoni, kumbe umejiandikisha peke yako." Nikatoka kwenye kaunta mbiombio. Jamani, ni mimi! Nimebonyeza mimi! Yule aliyesema akanitazama kwa huruma kabisa. "Usimfichie, dada. Tumeona kwa macho yetu."

Walipoondoka nilimfokea kaka mpaka sauti ikakauka. Mbegu tuliwatafutia, nyingine tulizipata Nanyala, wakapanda wamechelewa. Lakini jina la mtu likishachafuka utalinunua duka gani?

Baada ya wiki mbili nilienda Ihanda kumuomba radhi. Alinipa kiti, akaniletea chai na viazi, akaniuliza habari za nyumbani kama vile sijamfanya kitu. Wenzake walishamvua uenyekiti. Kanisani, alisema, wakimwona anasogelea benchi lao wanajitanua nafasi isibaki. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana!

Aliniuliza jambo moja tu. "Mwanangu, hiyo kompyuta yenu si huwa inatuma ujumbe kwa wateja? Basi iwatumie wenzangu, iwaambie sikuwadhulumu. Wewe hawakukusikia, ila hiyo wataiamini."

Inatuma, ndiyo. Lakini namba tuliyonayo ya wale kumi ni moja tu, ya simu iliyokuwa mapajani kwake.