Zunguka Soko Kwanza

Nakumbuka asubuhi moja nilipoingia soko la Korogwe peke yangu, kijana wa Kwamndolwa mwenye mtoto mchanga nyumbani na mke asiyeweza kuinuka kitandani. Zainabu alikuwa amejifungua kwa taabu, damu ikampungua, na mkunga akasisitiza ale mboga za majani, maharage na matunda kila siku. Chakula alikuwa anakisukuma pembeni. Mama yangu alikuwa Kang'ata, mvua imeharibu barabara. Basi mpishi nikawa mimi, mwanangu, mimi ambaye sokoni nilikuwa nakwenda kunywa kahawa tu.

Nilisimama kwenye meza ya kwanza niliyoikuta. Nyanya zilikuwa nyekundu, zinang'aa. Nikajaza mfuko, nikaweka na boga juu yake.

"We baba!" aliniita mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipanga mchicha meza ya pili. "Hizo nyanya unampelekea nani?"

"Shikamoo mama. Mke wangu amejifungua."

"Marahaba. Sasa unataka zifike zimeshakuwa mchuzi? Toa hilo boga."

Watu walicheka, nami nikaona aibu. Yeye hakucheka. Walimwita Mama Hoza, na mboga zake alizishusha kutoka Bungu, kule milimani. Aliniuliza nani anampikia mzazi. Nilipojibu kwamba ni mimi, akaacha kupanga. Nilidhani ataniuzia meza nzima.

"Mchicha huu nimeuchuma jana," alisema. "Wa kupika leo unafaa, wa kesho haufai. Utachukua fungu moja tu. Ila usinunue sasa. Zunguka soko lote kwanza, uone nini kimejaa kila meza. Hicho ndicho msimu wake, na ndicho kimetoka shambani juzijuzi."

Nikarudisha boga na zile nyanya mezani, nikazunguka. Maharage mabichi yalikuwa kila kona, na papai pia. Nikaanza na vigumu, viazi na boga, vikakaa chini kabisa ndani ya mfuko. Nyanya nikachagua zilizoiva za siku ile, na nyingine zenye ukijani bado, za keshokutwa. Mchicha nikaurudia mwisho, nikaubeba mkononi.

Nyumbani nilizidisha chumvi, sikufichi. Zainabu alikula, akakunja uso, halafu akanisogezea sahani. "Niongeze," alisema. Tangu ajifungue hakuwa ameomba chakula. Nilimwongeza, kisha nikatoka uani kidogo, maana sikutaka anione machozi.

Sasa na wewe, mwanangu, unaanza nyumba yako. Najua siku hizi mnapiga simu, bodaboda analeta. Si vibaya, lakini bodaboda hatakunusia nanasi. Nenda mwenyewe, mapema, ukiwa umeshakula, kwa sababu mwenye njaa hununua ovyo. Ujue utapika nini siku mbili tatu, lakini ukikuta bamia zimejaa na bilinganya zimesinyaa, badilisha mapishi. Majani nunua ya leo. Viazi na vitunguu vinaweza kungoja. Muulize muuzaji amechuma lini. Na ukimpata anayekuambia ukweli hata kama mauzo yake yatapungua, mshike huyo, umsalimie hata siku usiyonunua kitu.

Mungu akupe jiko lenye moto na watu wa kula nao. Na siku utakayolala kitandani huna nguvu, akupe mtu wa kukuendea sokoni kwa moyo wake wote. Amina.