Jerop na Herufi ya S

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Kapseret, mwanangu, na kila nikiikumbuka natembea kifua mbele. Uliponipigia simu jana ukilalamika kwamba watoto wako wa nasari hapo Eldoret mjini wanaimba herufi zote, lakini ukiwaonyesha moja wanakutolea macho, nilicheka peke yangu jikoni. Nimepita hapo. Kaa basi nikusimulie, na usinikatize kama kawaida yako.

Nilikuwa mwalimu mbichi wa nasari, nimetoka chuoni juzi tu. Enzi zile tulifundisha kwa wimbo. Chati imetundikwa ukutani, mimi nina kijiti cha kuonyeshea, watoto wanaimba kutoka mwanzo hadi mwisho mpaka mabati yanatetemeka. Wazazi wakipita njiani walisimama kusikiliza, nami nikavimba kichwa, sikufichi. Ni mtoto mmoja tu aliyekuwa haimbi. Aliitwa Jerop, binti wa mama aliyekuwa akiniuzia maziwa. Alikaa kimya na vidole mdomoni, muhula baada ya muhula.

Mwalimu mkuu, mzee mpole lakini mwenye msimamo, akaniita ofisini.

"Siku ya kufunga shule nitawauliza watoto wote herufi," akasema. "Asiyejua haendi darasa la kwanza. Huyo Jerop wako, mwambie mamake ajitayarishe."

Nilipomwambia mamake, aliweka ndoo chini akanitazama. "Mwalimu, nyumbani huyu anaongea mpaka ng'ombe wanachoka. Sasa akibaki nyuma, babake atasema akae tu hapa achunge ndama. Na nyinyi huko shule mtaona ni sawa." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu nilijua yanaweza kuwa kweli.

Basi asubuhi hiyo ninayokuambia nilienda kuchukua maziwa mapema kuliko kawaida. Mama alikuwa anakamua. Jerop alikuwa upande wa pili wa ng'ombe, ameshika kamba ya ndama, ndoo haioni kabisa. Kumbe walikuwa na mchezo wao. Mama anauliza, "Ndoo imefika wapi?" Mtoto anasikiliza maziwa yanavyolia ndani ya ndoo, kisha anajibu. "Bado iko chini." Baada ya muda, "Sasa imefika nusu." Nikachungulia. Ilikuwa nusu kweli.

Nilisimama pale na chupa yangu mkononi nikajiambia, mtoto mwenye masikio haya hawezi kushindwa na herufi. Sisi ndio hatujampa kitu cha kusikiliza. Nikachuchumaa karibu naye.

"Jerop, maziwa yanasema aje?"

Akaona haya kidogo, halafu akafanya, "Sss. Sss."

Nikachora S kwenye vumbi kwa kidole. "Hiyo sauti yako inaandikwa hivi," nikamwambia. Akaifuatisha kwa kidole chake huku akiitoa mdomoni. Akachora nyingine kando, na nyingine, mpaka ndama akamponyoka akaenda kunyonya. Mamake alimgombeza, lakini nilimwona anaficha kicheko.

Siku hiyo hiyo niliikunja ile chati nikaiweka kabatini. Tukaanza na herufi moja, sauti yake kwanza, na hatukuenda mbele mpaka kila mdomo umeitoa. Nani ana S kwenye jina lake? Nani ameisikia kwenye sukari, kwenye sufuria? Tuliichora chini, tukaichora hewani, tukaichora kwenye migongo ya wenzetu wakicheka. Tukaja kwenye M, midomo imefungwa, mmm, kama mtu aliyeonja kitu kitamu, kisha irabu na herufi nyingine, moja moja. Walimu wenzangu waliniuliza kama watoto wangu wameibiwa sauti, maana hawaimbi tena. Nikawaacha waseme. Jerop naye alikuwa ameanza kuongea darasani, mpaka nikawa namwomba apumzike.

Siku ya kufunga ikafika, wazazi wamejaa madirishani. Mwalimu mkuu alianza na darasa la jirani. Akionyesha herufi ya katikati, wale watoto maskini wanaanza kuimba kutoka A ili waifikie. Kisha akaja kwangu. Watoto wangu walijibu mmoja baada ya mwingine, nami jasho linanitoka na baridi yote ile. Mwisho akamwita Jerop.

Hakumwonyesha herufi. Alichukua chaki akaandika ubaoni neno ambalo sikuwa nimelifundisha hata siku moja: sima. Nilitaka kulalamika, lakini mtoto alikuwa ameshasimama.

Jerop alitazama ubao. "Sss, i. Si," akasema polepole. "Mmm, a. Ma." Akaziunganisha silabi kichwani. "Sima." Kisha akamgeukia mwalimu mkuu, uso wote unacheka. "Mwalimu, ni ugali."

Darasa lilivunjika mbavu. Dirishani mamake alipiga kigelegele, na mimi nililia mbele ya watu bila aibu yoyote. Mzee yule alifuta chaki mikononi akasema, "Huyu aende." Kisha akawatazama walimu wenzangu waliosimama mlangoni. "Na nyinyi mkae na huyu msichana, mwalimu wake, awaonyeshe alivyofanya."

Kwa hivyo, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Mpe mtoto sauti kabla ya kumpa jina la herufi. Itafute kwake nyumbani, kwenye vitu anavyovigusa na kuvisikia kila siku. Usiwe na haraka ya kumaliza chati, maana chati haiendi darasa la kwanza, mtoto ndiye anayeenda. Na yule anayekaa kimya, mfuate mpaka ujue anasikiliza nini. Wakikucheka, endelea tu.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako na aulinde moyo wako usichoke. Akupe siku ya kusimama mbele ya darasa lako ukimsikiliza mtoto uliyeambiwa hawezi, akisoma neno ambalo hakuna aliyemfundisha.