Ganda la Risasi Nililopigia Filimbi

Mlinzi wangu akisafisha bunduki hapa ugenini, mtaa wa Malvern, harufu ya mafuta yake hunirudisha nyumbani Kongo. Baba mdogo alikuwa na bunduki kuukuu ya jeshi, akitaka kuua nyani shambani. Ganda la risasi yake ya zamani lilikuwa filimbi yangu. Siku moja nikalisimamisha kando ya risasi mpya alizonunua sokoni.

"Baba mdogo, hizi ni fupi, tena nene."

"Funga mdomo! Risasi ni risasi. Kikojozi ndiye anifundishe?"

Akashindilia moja kwa nguvu mpaka ikaingia, akafyatua. Bunduki ikapasuka, ikaondoka na vidole vyake. Eish, mjinga yule!

Shule sikumaliza, lakini leo nina kampuni ya ulinzi, na walinzi wangu wamejaa mtaa mzima. Baba mdogo bado anasalimia watu kwa mkono wa kushoto, na anasema alilogwa.